Muuaji wa miaka 16: je, dini inataka ahukumiwe kama mtu mzima?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh. Ndugu yangu wa baba mmoja alichomwa kisu na kijana wa mtaani kwetu, akafariki akiwa njiani kupelekwa hospitali. Ameacha mjane na watoto wawili wadogo. Kijana huyo ana miaka 16 na miezi kadhaa. Tunamjua vizuri: ameota ndevu, sauti yake imekuwa nzito, anafunga Ramadhani yote, na mara nyingi ameadhini msikitini kwetu. Inasemwa kwamba kisu alipewa na mmoja wa wakubwa wa kundi analotembea nalo. Sasa tunaambiwa kwamba mbele ya sheria za Tanzania yeye ni mtoto, na hata akipatikana na hatia hatahukumiwa kunyongwa. Wazee wa ukoo wanasema kwamba katika Uislamu mtu wa miaka 15 ni mtu mzima, kwa hiyo tukinyamaza tumeridhia hukumu isiyokuwa ya Mwenyezi Mungu, na ni wajibu wetu kudai ashitakiwe kama mtu mzima. Upande wa kijana nao wametuma mtu kuzungumza habari ya dia, yaani fidia ya damu. Je, tunapata dhambi kwa kunyamaza? Na dia tuipokee?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himidi zote zinamstahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Maswahaba zake. Tunakupeni pole kwa msiba huu, na tunamuomba Allah amrehemu marehemu na awape subira mjane wake na wanawe.

Wazee wenu wametaja jambo la kweli, kisha wakajenga juu yake jambo jingine ambalo halitokani nalo. La kweli ni kwamba dini haikungoja miaka 18 kumwandikia mtu dhambi zake. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili, Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Akishabaleghe, kalamu imerudi. Basi ikiwa kijana huyu amebaleghe kweli na ameua kwa kusudi, amebeba mbele ya Mola wake mojawapo ya madhambi makubwa kabisa, na wanaomliwaza mama yake kwa kumwambia kwamba mwanawe ni mtoto tu na hana dhambi wanamdanganya, na wanamzuia kijana mwenyewe asitubu.

Ama kusema kwamba mwenye kuandikiwa dhambi ni lazima aadhibiwe na hakimu sawasawa na mtu wa miaka 40, hilo ni suala jingine, na wanazuoni hawakulipokea kwa wepesi unaosikika barazani. Wamekubaliana wote kwamba asiyebaleghe hauawi kwa kisasi, yaani roho kwa roho, hata akiua kwa kukusudia. Wametofautiana katika mpaka wenyewe wa ubaleghe pale ambapo alama za mwili hazikuthibiti. Imamu Shafii na Imamu Ahmad wameuweka kwenye miaka 15, na hoja yao kubwa ni Hadithi ya Abdullahi bin Umar, ambaye alionyeshwa kwa Mtume (s.a.w.) siku ya vita vya Uhud akiwa na miaka 14 asiruhusiwe kupigana, kisha siku ya vita vya Khandak akiwa na miaka 15 akaruhusiwa. Nafii, mwanafunzi wa Ibn Umar, alipomsimulia Khalifa Umar bin Abdulaziz habari hiyo, Khalifa alisema kwamba huo ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake. Imamu Abu Hanifa hakuona hivyo: kwake Hadithi ile inahusu uwezo wa kupigana vita, na mpaka wa mvulana akauweka kwenye miaka 18 na wa msichana 17. Kauli mashuhuri ya Wamaliki nayo ni miaka 18.

Miaka wanayoitaja wanazuoni ni ya mwezi mwandamo. Miaka 18 ya Hijria ni takriban miaka 17 na miezi mitano na nusu kwa kalenda ya miladi. Kwa hiyo mpaka uliowekwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wa miaka 18 ya miladi, unapishana na mpaka wa Abu Hanifa kwa nusu mwaka hivi. Sisemi kwamba walioitunga sheria hiyo walifungua vitabu vya fikihi; nasema kwamba anayeuita mpaka wa miaka 18 ni upotofu wa moja kwa moja ajue kwamba anawagusa maimamu wawili, Abu Hanifa na Malik, katika maimamu wanne wa madhehebu.

Mtaniambia kwamba sisi watu wa pwani ni Mashafii, na ni kweli, wala sitaki kukukimbiza kwenye madhehebu nyingine kwa sababu tu ni nyepesi. Lakini tazama madhehebu yetu wenyewe yanavyolishika jambo hili. Ndevu na sauti nzito, ambavyo ndivyo mlivyovitaja kwanza, havihesabiwi kuwa alama za ubaleghe kwetu. Kufunga na kuadhini pia si dalili, kwani mtoto mwenye kupambanua, yaani anayetofautisha lenye manufaa na lenye madhara, anaadhini na adhana yake inasihi. Yanabaki mambo mawili: kutokwa na manii, ambako kwa kawaida hakujulikani ila kwa kauli yake mwenyewe, na umri wa miaka 15 ya Hijria uliothibiti. Tena kinachotazamwa ni hali yake siku ya tendo, si siku ya kesi. Imamu Nawawi ametaja kwamba muuaji akisema, "Siku niliyoua nilikuwa mtoto," na jambo hilo likawa linawezekana, anasadikiwa kwa kiapo chake. Hebu zingatia: kwenye damu ya mtu, neno la mshitakiwa linakubaliwa mahali ambapo kwenye deni la shilingi elfu kumi pengine lisingekubaliwa. Hiyo ndiyo tahadhari ya sharia katika kuitoa roho, kwa sababu kisasi huondoka kwa shubha, yaani shaka, kama zinavyoondoka hadi, yaani adhabu zilizowekwa na sharia.

Umar bin al-Khattab (r.a.) aliletewa mwanamke aliyezini, akaamuru apigwe mawe, na watu wakawa wamekwishamchukua. Ali (r.a.) akakutana nao njiani, akawarudisha, akaenda kumkumbusha Umar kwamba mwanamke yule ni mwendawazimu na kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu. Umar akamwachia. Hakuna aliyesema kwamba Ali alilegeza dini siku ile.

Lipo jambo jingine, nalo ni mtazamo wangu, nimeujenga juu ya Aya ya sita ya Suratun Nisaa. Allah ameamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafike umri wa kuoa, kisha hakusema wapewe mali zao papo hapo, bali amesharitisha waonekane kwanza kuwa wamepevuka akili. Ikiwa ubaleghe wa mwili haukutosha peke yake kumkabidhi kijana mbuzi wa marehemu baba yake, sioni ugumu kwa mtawala kutaka sharti la ziada kabla ya kijana huyo huyo kufikishwa kwenye kitanzi. Hata Iran, ambayo sheria yake inahesabu miaka 15 ya Hijria kwa mvulana na 9 kwa msichana, mwaka 2013 iliingiza kwenye kanuni yake ya adhabu kifungu cha 91, kinachomruhusu hakimu kuacha hadi na kisasi kwa aliye chini ya miaka 18 anapotia shaka upevu wa akili yake. Ingawa ni kweli pia kwamba huko wameendelea kunyongwa watu waliotenda makosa kabla ya kufika umri huo.

Tukirudi kwenu: kisasi hakitekelezwi na ukoo. Ni mamlaka ya mtawala kupitia kadhi, na makadhi wetu wa Bara na Zanzibar wanashughulikia ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Damu haimo mikononi mwao. Kwa hiyo hamna dhambi yoyote kwa kesi kuendeshwa kwa utaratibu wa watoto, wala hamna wajibu wa kudai vinginevyo. Kwanza mahakama haina ruhusa ya kumgeuza wa miaka 16 kuwa mtu mzima kwa sababu wafiwa wameomba. Wala msidhani kwamba kuitwa mtoto ni kuachiwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema kwamba aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo, lakini badala ya kifo huamuriwa azuiliwe kwa muda atakaoridhia Rais, na huo unaweza kuwa mrefu. Kutengwa kwake na mahabusu wakubwa nako msikuone kuwa ni upendeleo. Akitiwa chumba kimoja na wezi wazoefu, atakayerudi mtaani kwenu atakuwa ni mtu mwingine, na madhara hayo yatawafika watoto wenu.

Ninachokistaajabia katika swali lako ni kwamba umempita yule aliyetoa kisu kama anayepita njia. Huyo ndiye mtu mzima katika kesi hii. Wanazuoni wetu wamesema kwamba anayemtuma mtoto asiyepambanua kuua, kisasi kinamrudia aliyetuma, kwa sababu mtoto amekuwa mkononi mwake kama silaha. Na anayemlazimisha kwa vitisho mtoto mwenye kupambanua, kisasi kinamwangukia pia kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Akiwa amemwamrisha tu bila kumlazimisha, na kijana ni baleghe, muuaji ni kijana, na mwenye kuamrisha ana dhambi kubwa na anastahiki adhabu ya kutiwa adabu. Sheria ya nchi katika hili ni kali zaidi: kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mwenye kusaidia au kuchochea kosa kuwa naye amelitenda. Makundi ya namna ya yale yaliyoitwa Panya Road jijini Dar es Salaam yanawapenda wadogo kwa makusudi, kwani wakubwa wanajua mtoto atapata hukumu nafuu. Basi aliyemwona mtu huyo akitoa kisu aende polisi akaandikishe maelezo, wala asiufiche ushahidi, kwani Allah amesema katika Suratul Baqara kwamba mwenye kuuficha, hakika moyo wake umeingia dhambini. Na upande wa kijana pia waambiwe: kutafuta cheti cha kuzaliwa cha uongo ili kumpunguzia umri ni ushahidi wa uzushi. Kadi ya kliniki na daftari la shule viletwe kama vilivyo. Nanyi msimwongezee hata mwezi mmoja.

Kuhusu dia, inajuzu kuipokea, na kusamehe ni bora zaidi. Ikithibiti kwamba hakuwa amebaleghe, wanazuoni wengi wanayahesabu mauaji yake ya makusudi kuwa ni kama ya bahati mbaya, na dia yake inabebwa na jamaa zake wa upande wa baba; katika kauli yenye nguvu kwa Mashafii, ikiwa anapambanua, inakuwa dia nzito na inatoka katika mali yake mwenyewe. Ila jueni kwamba kupokea dia hakuifuti kesi ya Jamhuri, yaani ile inayoendeshwa na serikali, wala msitie sahihi karatasi inayosema kwamba mashahidi wenu hawatafika mahakamani.

Kisha lipo suala ambalo nililitarajia kwako na sikulikuta: nani mwenye haki ya kupokea au kusamehe? Si wazee wa ukoo. Haki hiyo ni ya warithi, kwa kadiri ya mafungu yao. Ikiwa katika watoto wale wawili yumo wa kiume, au baba yenu yu hai, basi wewe ndugu si mrithi na huna neno katika dia hii. La kwanza kusikilizwa ni la mjane. Ikiwa wote ni wasichana, na baba amefariki, na marehemu hakuacha ndugu wa baba na mama, ndipo unapoingia kwa kinachobaki. Fungu la watoto wadogo haliwezi kusamehewa na mama yao wala na nyinyi. Linahifadhiwa mpaka wakue. Na hata pale ambapo kisasi kingekuwa wajibu na kadhi yupo, Mashafii wanasema kwamba wakiwemo warithi wadogo, muuaji anafungwa na kungojwa mpaka wabaleghe waamue wenyewe. Kwa hiyo yule mjumbe wa dia arudishwe kwa mjane, akae naye pamoja na mtu mwenye elimu ya mirathi na mashahidi wawili waadilifu, na mafungu yaandikwe kabla ya fedha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Na Allah Anajua zaidi.