Shangazi, mke wangu hataki nifufue gari la marehemu baba

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, nimeoa, tuna watoto watatu. Marehemu baba aliniachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1971, ile ya mgongo wa kobe. Ina miaka 9 chini ya turubai. Bodi halina kutu, ni vumbi tu, isipokuwa zulia la nyuma upande wa kulia limeoza kidogo. Mwaka juzi niliishusha injini nikaifungua, vipande viko kwenye makatoni chumba cha watoto. Sasa nataka kuchukua akiba tuliyoweka nimalizie kazi. Mke wangu amegoma. Amempata mtu anayeuza Beetle iliyokwisha kufufuliwa, ameniletea mpaka picha za chini ya gari, anataka tununue hiyo. Naona haheshimu kumbukumbu ya baba. Mdogo wangu ananiambia nisikubali kuamuliwa na mwanamke. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nifanyeje? – Mrithi*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mzee. Kumpenda baba hadi kwenye gari lake ni jambo jema, wala sitakulaumu kwa hilo. Ila mkeo yuko sahihi, na barua yako mwenyewe ndiyo inayomtetea.

Tuanze na hilo zulia. Kwenye Beetle, betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Zulia haliozi upande mmoja bila sababu. Tindikali ya betri imevuja, maji yameingia kwa mpira wa dirisha uliopasuka, na bati la sakafu chini yake limeliwa. Nyanyua kiti, toa betri, kwangua lami iliyopakwa juu ya bati, kisha chomeka bisibisi kwa nguvu. Ikipenya, nusu ya sakafu upande huo ni ya kukatwa. Usiishie hapo. Chini ya milango kuna mifereji ya bati inayopeleka hewa ya moto mbele. Ina uwazi ndani, huoza kutoka ndani kuja nje, na ndiyo inayolipa bodi uimara wake. Fungua mlango nusu, ushike kwa chini, uunyanyue. Ukicheza, kagua bawaba kwanza. Bawaba zikiwa nzima na mlango bado umelala, mfereji umekwisha.

Kazi ya mifereji hiyo ndipo mafundi wengi wa Jumamosi wanapoharibu gari moja kwa moja. Kabla ya kukata lazima uchomelee mabomba ya chuma ya kushikilia nafasi za milango, ukate upande mmoja tu kwanza, uweke mfereji mpya huku bodi likiwa limefungwa kwa bolti zake zote kwenye chesisi, na usichomelee moja kwa moja mpaka mlango ufunge na kufunguka kama kawaida. Ukikata pande zote mbili bila mabomba, bodi linajikunja katikati na milango haitafunga tena. Barua yako ndefu haikusema popote kwamba unajua kuchomelea. Basi tayari ni kazi ya kulipia mtu, na wewe ulikuwa umeihesabu kuwa ni vumbi.

Sasa injini. Umeifungua mwaka juzi na mpaka leo iko kwenye makatoni. Nusu mbili za bloku ya Beetle, yaani kasha la injini, huchongwa pamoja kiwandani, hazichanganywi na za injini nyingine. Tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, zinatakiwa zirudi kwenye matundu yake zilizotoka, kila moja kwake. Krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, iliyolala miaka miwili bila kupakwa mafuta hushika kutu pale beringi zinapokaa, na silinda nazo vilevile kwa ndani. Je, kila kipande ulikifunga na kukiandika? Barua haitaji daftari wala alama yoyote, na mali bila daftari huisha bila habari. Bloku yenyewe ni ya aloi ya magnesiamu, chuma laini. Pale beringi ya upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krankishafti, inapokaa hupanuka kwa miaka. Krankishafti inaruhusiwa kucheza mbele na nyuma milimita 0.07 hadi 0.13. Ikifika 0.15, ndio mwisho. Kikao cha beringi kikishapanuka, bloku inakwenda karakana ya kuchonga, au unatafuta nyingine. Hilo hukulijua ulipokuwa unaandika kwamba unataka "kumalizia kazi". Kazi hujaianza, mwanangu. Ulichofanya ni kubomoa.

Piga hesabu ya muda. Kufufua gari zima, yaani bodi, injini, breki, nyaya, viti na rangi, huzidi saa 500 kirahisi, tena kwa mtu anayejua anachokifanya. Ukipata saa nne kila Jumamosi, na Jumamosi 45 kwa mwaka, ni saa 180. Karibu miaka mitatu ya Jumamosi zote, bila mgonjwa, bila msiba, bila mtoto anayetaka baba yake. Kuhusu fedha, anayeuza gari alilolifufua vizuri ni nadra kurudishiwa yote aliyotumia. Mnunuzi ndiye anayefaidi. Mkeo ameliona hilo, wewe bado.

Nimtazame sasa huyo mwanamke unayesema haheshimu kumbukumbu ya baba yako. Angekuwa halitaki gari, angesema fedha ziende kwenye jambo lingine, na angekuwa na haki, maana umeandika mwenyewe "akiba tuliyoweka". Hakusema hivyo. Ametafuta gari la aina ileile ya mkwewe. Amekwenda, ameinama, amepiga picha chini ya gari, mahali ambapo hata wanaume wengi hawaangalii kabla ya kulipa. Kwa miaka miwili amelaza watoto pamoja na makatoni ya vyuma vinavyonuka petroli na mafuta machafu. Mwanamke wa namna hiyo amekuvumilia na bado anakutafutia njia ya kutoka. Na huyo mdogo wako, amechangia kiasi gani kwenye akiba hiyo? Ana saa ngapi za kukushikia tochi? Asiyechangia chungu asikupangie mboga.

Nalisema hili kwa wote wanaosoma, maana barua za aina hii ni nyingi. Ndoa nyingi za sasa haziumwi na uzinzi, zinaumwa na miradi. Mmoja anaanzisha jambo peke yake, anakwama peke yake, na anapokwama ndipo anapokumbuka kwamba akiba ni ya wawili. Mwenzake akiuliza swali anaitwa mpinzani. Maswali ya mke kuhusu fedha si uasi. Mume anayejibu kwa tarakimu analala usingizi, na anayejibu kwa kumtaja marehemu anajua kwamba hana tarakimu. Ule mkeka wa zamani ulioniandikia, huo usioachwa kwa msala upitao, mkeo ndiye mkeka huo wa kwanza.

Haya, nunueni. Lakini msinunue rangi. Rangi mpya ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye gari la zamani, na ndiyo inayoficha mengi. Mwombe muuzaji picha za kazi kabla ya rangi: bati tupu, mahali palipokatwa, mahali palipochomelewa. Mtu aliyefanya kazi ya kweli anazo kwa wingi na anafurahi kuzionyesha. Asiye nazo, chukulia kwamba bati halikubadilishwa mpaka uthibitishe kwa mkono wako. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe sehemu ya chini ya milango, kuzunguka matairi, na kwenye kisima cha tairi la akiba mbele. Isiponata, chini yake ni puti. Lala chini. Lami mbichi nyeusi iliyopakwa juzi sakafu nzima ni dalili mbaya kuliko kutu inayoonekana. Gonga, sikiliza, bonyeza. Angalia kwa makini pale mbele ambapo ekseli inafungwa kwenye chesisi, maana pakioza hapo ni kushusha ekseli nzima, na ninyi msiingie kwenye kazi hiyo.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye bomba kubwa la katikati, chini ya kiti cha nyuma. Kibati chake kingine kiko mbele kwenye buti, karibu na tairi la akiba. Zilingane zenyewe kwa zenyewe na zilingane na karatasi. Hazilingani, ondokeni.

Kwenye injini, kabla haijawashwa, shika puli ya chini kwa mikono miwili, vuta na sukuma. Ukisikia inagonga kwa mbele na nyuma, ni ugonjwa uleule wa beringi niliokueleza. Kagua mabati yanayoizunguka injini na mpira unaoziba pembeni yake. Injini hii haina maji, inapozwa kwa feni tu, na mabati yakikosekana feni hunyonya hewa iliyokwisha kupashwa na egzosi. Wengi wanaofufua kwa haraka huyatupa kwa sababu ni kazi kuyarudisha. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa dole gumba uingie kama milimita 15. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda zote nne. Ya namba 3 itazame zaidi, kwa sababu kwenye injini nyingi za zamani kipoza mafuta kinaikinga isipate hewa ya kutosha, na valvu yake ya kutolea moshi huungua mapema. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi.

Mipira ya petroli, hata ikionekana mizima, ibadilisheni yote siku mnayolifikisha gari nyumbani, na hakikisheni kile kibomba kinachoingia kwenye kabureta hakichezi. Petroli ikidondoka hapo inadondokea karibu na distribyuta, kile kifaa cha kugawa umeme kwa plagi, yenye cheche. Moto wa Beetle mara nyingi huanzia hapo, na magnesiamu ikishika moto haizimwi kwa maji. Nimeandika hili kwa ajili ya watoto watatu uliowataja.

Barabarani, achia kanyagio la mafuta ghafla katika kila gia uone kama gia inachomoka. Funga breki kwenye njia tupu. Gari likivuta upande mmoja, huenda mpira wa breki umevimba kwa ndani. Hilo ni tengenezo dogo, lisiwakimbize, ila litajwe kwenye bei.

Gari la mzee usiliuze kwa vipande wala usihamishe namba yake ya chesisi kuipeleka kwenye gari lingine, hilo ni kosa kisheria na litakuharibia yote mawili. Toa turubai linalogusa bati, maana linafungia unyevu. Liweke chini ya paa, juu ya stendi, tangi likiwa tupu, betri nje. Krankishafti na silinda zipake mafuta mazito, zifunge, ziandike. Usukani wa baba unaweza kuuvalisha gari jipya, mradi meno yake yanalingana na ya fimbo ya usukani, jambo linalowezekana kwa magari ya miaka inayokaribiana. Shika usukani aliokuwa anaushika. Siku ukijua kuchomelea, ukiwa na paa la kufanyia kazi na mkeo akisema sawa, utalirudia.

Leo, kabla ya kumjibu mdogo wako, toa makatoni chumba cha watoto. Kisha mwombe mkeo namba ya muuzaji na mkubaliane siku. Tafuteni fundi wenu, asiwe anayefahamiana na muuzaji. Na mmwambie muuzaji asiwashe injini kabla hamjafika. Mkifika, mkeo aweke kiganja juu ya bloku. Ikiwa na joto, ameiwasha kabla yenu, mrudi siku nyingine.