Majani ya nepia au makaa ya mawe? Maswali yenu kuhusu gesi ya mvuke

Kati ya makaa ya mawe na mazao ya nishati, yaani mimea inayopandwa ili itoe nishati kama nepia, kipi kinafaa zaidi kugeuzwa gesi kwa mvuke? (Athi River)
Kwa uzito, makaa ya mawe yanashinda: kilo moja ya aina nzuri ina nishati ya megajuli 24 hadi 30, nepia kavu kabisa 17 hivi. Kwenye tanuri la mvuke, ambamo mvuke wa moto huyageuza kuwa gesi ya kuchomwa, mambo hubadilika. Asilimia 70 hadi 80 ya mmea mkavu hutoka kama gesi na moshi mara upatapo joto, na masalia yake meusi huliwa upesi na mvuke kwa sababu ya potasiamu iliyomo. Nyuzi joto 800 hivi zinatosha. Makaa ya mawe kwa kawaida hudai zaidi ya 900. Tatizo la mmea ni lami, inayoganda kwenye mabomba na kuua injini inayotumia gesi hiyo. Muuza mtambo asipokuonyesha jinsi lami inavyoondolewa, usimpe hata shilingi.

Kama mvuke unahitajika, kwa nini nikaushe nepia? (Limuru)
Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, tafadhali someni. Nepia mbichi ni maji kwa takriban asilimia 80. Kilo moja ina gramu 200 tu za kitu kikavu, yaani megajuli 3.4. Kuyafukuza maji yale hula megajuli 2. Zaidi ya nusu ya nishati imeondoka kabla hujapata gesi yoyote! Mvuke unaotakiwa huingia ukiwa moto tayari, kwa kipimo unachokidhibiti. Maji ya kwenye majani hupoza tanuri na kuongeza lami. Anika kwanza.

Je, naweza kuchanganya vyote viwili?
Ndiyo, na potasiamu ya mmea husaidia makaa ya mawe kuliwa haraka, ila chunga majivu yasiyeyuke na kugandamana.

Nataka kujenga mtambo mdogo nyuma ya nyumba, Kayole.
Usijenge. Gesi hiyo ni haidrojeni na kaboni monoksaidi, ile ile isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani msimu wa baridi.

Nimeshauriwa nipande ekari tano za zao la nishati, mnunuzi atakuja. (Machakos)
Ndivyo wakulima walivyoambiwa kuhusu mbono (jatropha), mmea wa mbegu za mafuta, na wengi walibaki na vichaka na mavuno haba. Bila mkataba wenye bei, usipande. Ardhi ya chakula isiguswe wakati makapi ya miwa na magunzi ya mahindi yapo tayari. Pumba za mpunga za Mwea pia zipo, ingawa karibu sehemu moja ya tano yake ni majivu.

Basi si tuchimbe makaa ya mawe ya Mui, Kitui, tuyageuze gesi safi?
Salfa ya makaa hayo huondoleka, kaboni haiondoki yenyewe. Ikishachomwa, gesi ile inarudisha hewani kaboni iliyokuwa ardhini. Juni 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, wa megawati 1,050, ilifutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Mui waulizwe kwanza, kwa Kikamba, wakiwa na ramani ya mashamba yao mezani.