Vijana wa khidma, msiimalize miguu ya watu kabla ya Mina

Juzi nilikaa nyuma kwenye semina ya mahujaji hapa mjini. Kijana anayekwenda kuongoza kundi kwa mara ya kwanza akawatangazia wazee: "Tarehe 6 Mfunguo Tatu tutapanda Jabal Nur, inshaallah, mjitayarishe!" Wazee wakaleta takbira. Mimi nikashika kichwa: Jabal Nur ni mlima wa pango la Hira, na siku mbili baadaye, tarehe 8, ndiyo Hija inaanza kwa kwenda Mina.

Yakhe, dua mnazijua na manasiki mmeyasoma, pengine kutushinda sisi. Kinachokushindeni ni hesabu ya miguu. Kutoka Arafa hadi Muzdalifa, wanakolala mahujaji usiku ule, ni kilomita kama 9. Sa'yi peke yake, mwendo wa baina ya Safa na Marwa mara saba, inafika kilomita 3. Bado tawafu ya kuizunguka Kaaba, bado kwenda Jamarati kurusha mawe na kurudi kila siku, na kambi yenu mkipangiwa mwisho wa Mina ndiyo basi tena. Mabasi yapo, lakini usiku wa Muzdalifa hukwama mpaka watu wakateremka wakatembea. Mzee wa miaka 70 kaondoka kwao na miguu ya kiasi. Kiasi hicho msikitumie nyinyi kwa mambo yenu.

1. Mazoezi yaanze miezi mitatu kabla, kila baada ya Alfajiri, viwanja vya Maisara au popote penye nafasi, na kwa ndara zile zile atakazosafiri nazo. Wapemba nao wasijivunie vilima vyao.

2. Viatu. Kila mwaka hakosi mzee aliyenunuliwa na mwanawe makubadhi mapya, mazuri, magumu kama ubao. Kabla ya kumaliza Umra ya kwanza ana lengelenge kila kidole. Na viatu visiachwe mlangoni, vitiwe mfukoni vibebwe. Marumaru ya mataf, uwanja wa kuzungukia Kaaba, haishiki joto, kwa hivyo mtu anazunguka peku kwa raha zake, kisha anatoka nje adhuhuri na viatu havipo. Lami ya Makka saa saba mchana haina mzaha. Wenye sukari msiwaulize kama wameumia, maana wengine nyayo zao hazisikii tena. Kila usiku mwambie akuonyeshe unyayo, utazame mwenyewe kwa tochi.

3. Mapaja. Najua mnaona haya. Mwanamme ndani ya ihramu hana suruali wala chupi, jasho linamtoka, na akiwa mnene, mzunguko wa nne anatembea miguu upande. Vaselini apake kabla, si baada ya kuchubuka, na iwe isiyo na manukato, msije mkamtia kwenye fidia ya kuvunja miiko ya ihramu. Lisemeni hilo semina, tena kwa kipaza sauti. Watacheka, na waliocheka ndio watakaokuja kukuombeni kopo.

4. Maji. Joto letu la Unguja lina unyevu, unajiona umeloa unajua una kiu. La Makka ni kavu. Jasho linaruka kabla hujaliona, na mtu anajihisi mzima mpaka anaanguka. Mwaka 2024 joto la Msikiti wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na waliofariki Hija ile walipindukia 1,300, wengi wao wasiokuwa na vibali, waliotembea juani bila hema wala basi. Nasikia sasa mnasema Hija inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, imeingia Mei, joto limekwisha. Nani kakwambieni? Mei ya Makka hupita nyuzi 40. Pakti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kila mkoba, na muulizeni mtu rangi ya mkojo wake bila kumung'unya maneno. Mwamvuli haubatilishi ihramu ya mwanamme, hata ukiwa wa maua.

5. Ziara. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoharibu mimi.

Nilikuwa kijana kama nyinyi, sauti juu, bendera mkononi. Tulifika mapema, wazee wamechoka kukaa hotelini, kila baada ya chakula wananiuliza, "Mwanangu, tunatembezwa lini?" Na mimi napenda kupendwa. Tarehe 6, baada ya Alfajiri, nikawapeleka Jabal Nur. Si nguzo ya Hija, si wajibu, si sunna yake. Ni ngazi zaidi ya elfu moja, moja fupi, moja ndefu.

Kupanda kulikuwa raha tupu. Bi mkubwa mmoja wa Wete, Pemba, mtu wa kwenda shamba kwa miguu mpaka leo, alitutangulia sote huku anavuta uradi wake, na mimi nikamtolea mfano vijana. Kilichotumaliza ni kushuka. Kushuka mlima ndiko kunakochosha goti na misuli ya paja, na maumivu yake hayaji siku ile. Yanakuja kesho yake, na keshokutwa ndiyo yanashika hasa. Kwa hivyo niliwapangia wazee wangu maumivu yao yaive sawasawa na tarehe 8.

Asubuhi ya kwenda Mina bi mkubwa hakuweza kupanda basi. Tulimshika makwapa. Kisimamo cha Arafa alikifanya kwa kukaa, hilo halina neno. Usiku basi likakwama, watu wakateremka, na yeye akakaa pembeni ya barabara akaniambia, "Niache hapa mwanangu, mimi nitakuja pole pole." Aje pole pole! Na nani, kwa njia gani? Tulimbeba kwa zamu mimi na mwenzangu mpaka Muzdalifa. Tawafu ya Ifadha, ile ya nguzo baada ya Arafa, aliifanya kwa kigari cha kusukumwa, kwa pesa alizopewa na wanawe anunue zawadi.

Hakunilaumu hata kidogo. Aliporudi Wete akawa anawahadithia majirani kwa kunisifu, "Kijana yule alitupeleka mpaka Jabal Nur!" Msimu uliofuata wakaja wengine wa mtaa ule ule, swali lao la kwanza lilikuwa la mlima.

Kwa hivyo mlima ni baada ya Mina, kwa aliyebakiwa na miguu. Kabla yake, ziara za basi tu.

6. Rukhsa, yaani nafuu za kisheria kwa wanyonge, zipo, zitumieni. Mnyonge anaweza kutoka Muzdalifa usiku, baada ya nusu yake, kama Mtume (S.A.W.) alivyomruhusu Bi Sauda. Asiyeweza kurusha mawe anaweka wakili. Lakini mzee atakukatalia: "Nimeuza karafuu zangu nije nimtume mtu anitupie mawe?" Msibishane naye pale kwenye msongamano. Hilo lizungumzwe huku huku nyumbani, na alisikie kwa sheikh wa msikitini kwake, si kwako wewe uliyezaliwa juzi. Na kwenye Sa'yi, baina ya taa za kijani wanapochapua mwendo wanaume, msitimue mbio na kundi zima nyuma. Ukikimbia wewe, babu naye atakimbia.

7. Kigari kikodiwe mapema, na bei mpatane kabla mtu hajakaa.

8. Laleni. Kijana aliyekesha siku mbili ndiye anayepotea njia ya kambi, na watu hamsini wakatembea mara mbili kwa ajili yake. Namba ya kambi iandikwe kwenye mkono wa kila hujaji, na wako pia. Mahema yote ya Mina ni meupe.