Wakili wa mazingira aanze na viambatisho

Ndugu, umeuliza kama wakili kijana anayetaka kuingia katika sheria za mazingira hapa Kenya ajizoeze kwanza kutetea kesi mahakamani. Baada ya miaka kumi na tisa ya kazi hii, ningekushauri ujifunze kwanza kusoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, tena uanzie kwenye viambatisho, kwa kuwa aghalabu huko ndiko leseni ya mradi hupata nguvu au hukosa miguu.

Chukua mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, iliutolea leseni mwaka 2016, ukiwa mradi wa megawati 1,050, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma: mikutano iliyotegemewa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, ambapo wananchi waliahidiwa neema bila kuelezwa madhara.

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa ripoti ya machimbo ya mawe huko pwani. Katika viambatisho vyake, kwenye karatasi za mahudhurio ya mkutano wa wananchi, nilikuta sahihi kumi na moja za mwandiko mmoja, na miongoni mwake jina la mzee ambaye wanawe, waliokuwa wameketi mbele yangu, walimzika mwaka mmoja kabla ya mkutano huo. Mkubwa wao aliishika karatasi ile kwa muda mrefu, kidole kikiwa juu ya jina la babake, asiseme neno. Hata hivyo, rufaa dhidi ya leseni hukatwa ndani ya siku 60, nao walikuwa wamefika kwangu siku ya 74, baada ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Tulikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa kifungu cha 70 cha Katiba, ambacho hakimlazimishi mlalamishi kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika, lakini hadi tunasikilizwa kilima kilikuwa kimeshapasuliwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Tangu wakati huo, kabla sijasikiliza malalamiko yenyewe, huuliza leseni ilitolewa tarehe gani. Mteja wangu akiwa mwekezaji, humwomba karatasi za mahudhurio, na nikiona zina walakini, humtaka arudie mkutano kijijini, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, ripoti ikiwa mezani. Wapo walionihama kwa sababu hiyo, na sijajuta.