Boti ya kivita ya rimoti: uzito kwanza, mizinga baadaye

Anayeunda boti ya kivita ya rimoti kwa mbao tupu, bila seti ya dukani, kwa kawaida roho yake iko kwenye mizinga. Mizinga, bendera na rangi ya kijivu ni kazi ya wiki moja, tena ya mwisho. Kinachoamua kama chombo kitakwenda au kitalala ubavu mbele ya watu pale gatini ni uzito, na mahali uzito huo ulipokaa. Kabla ya kushika msumeno, shika kikokotoo.

Kwa kuanzia, chagua PT ya kampuni ya Elco ya futi 80, boti ya torpido ya Wanamaji wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. PT-109 ya John F. Kennedy, iliyogongwa na manowari ya Kijapani Agosti 1943, ilikuwa ya aina hii. Ubora wake kwa mjenzi ni kwamba chini yake ni bapa mbili zinazokutana kwenye mkuku (uti wa mgongo wa chombo), na ubavu unaanza kwa pembe kali. Hakuna tumbo la mviringo la kukutoa jasho. Wengi wetu tungependa KNS Nyayo au KNS Umoja, boti za makombora za Wanamaji wa Kenya, lakini hizo zina urefu wa mita 56.7 na upana wa mita 8.2 tu. Chombo chembamba hivyo hakisamehe uzito wa juu. Iwe boti yako ya pili.

Hesabu ni hizi. Kwa kipimo cha 1:24, mita 24.4 za PT zinakuwa sentimita 102, na upana wa mita 6.3 unakuwa sentimita 26. Uzito haugawanywi kwa 24, unagawanywa kwa 24 mara tatu, yaani 13,824. Tani 56 zinabaki kilo 4 na kidogo. Mwendo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 24, ambacho ni 4.9, kwa hiyo noti 40 zinakuwa noti 8, kama kilomita 15 kwa saa. Anayefunga mota za kilomita 50 kwa saa ana boti ya mashindano iliyopakwa rangi ya jeshi. Si vibaya, lakini aseme hivyo.

Kilo 4 hizo zigawe mapema: bodi na sitaha kilo 1.4, betri mbili gramu 800, mota na vidhibiti vyake gramu 600, shafti, propela na sukani gramu 350, vitu vyote vya juu gramu 400. Zinabaki gramu 450 za madini ya risasi ya kusawazisha. Pima kila kipande kwa mizani ya jikoni na uandike. Bodi ikifika kilo 2, simama. Hutaweza kuirudisha kwa kupunguza mizinga.

Michoro ukiitoa mtandaoni na kuichapisha saiba, pima mstari mmoja unaoujua urefu wake kabla ya kukata chochote. Printa nyingi zina tabia ya kubana ukurasa uingie kwenye karatasi, na asilimia 4 zikipotea, taruma (mbavu ya chombo) la karatasi moja halitalingana na la karatasi nyingine. Kwa A4 utahitaji karatasi 4 kwa urefu, uziunganishe kwa mstari wa kati, si kwa kingo za karatasi. Fundi wa jahazi wa Matondoni, hapa Lamu, hahitaji haya kwa sababu mchoro uko machoni mwake. Wewe na mimi tunauhitaji.

Mkuku ukate kwa plaiwudi ya milimita 6, mataruma 11 kwa ya milimita 4, yakae kila sentimita 9 hadi 10. Jenga chombo kikiwa kifudifudi juu ya ubao mnene ulionyooka, kila taruma likiwa na miguu inayoshuka hadi ubaoni, utakayoikata baadaye. Vuta uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na kila taruma lipimwe kwa skwea pande zote mbili. Taruma moja likipinda milimita 2, boti itavuta upande mmoja maisha yake yote na utamlaumu sevo, kile kimota kinachogeuza usukani.

Ngozi ya nje ndiyo inayokula uzito. Plaiwudi ya milimita 3, ambayo hupatikana kirahisi, ina kama kilo 1.8 kwa mita ya mraba. Bodi hii na sitaha yake ni mita za mraba 0.7, maana yake karibu kilo 1.3 hata kabla ya mataruma na gundi. Ukipata ya milimita 1.5, chukua. Ukikosa, weka ya 3 chini tu, nyuma ya taruma la nne, na pande zake zipigwe randa ziwe nyembamba. Kule omo mbao inapojipinda pande mbili kwa wakati mmoja, usiilazimishe: hata ukiimwagia maji ya moto itapasuka. Ikate vipande vya upana wa milimita 8 na uvilaze mshazari kimoja kimoja, ukivibana kwa vibanio vya nguo.

Nje funika kwa kitambaa cha faiba cha gramu 80 hadi 100 kwa mita ya mraba, kwa epoksi. Resini ya poliesta ni rahisi zaidi, lakini haishiki mbao vizuri na baada ya kulowana inabanduka kama ganda la muwa. Joto la hapa hugandisha epoksi haraka. Changanya gramu 40 tu kwa mara moja, uimwage kwenye sahani bapa. Ikiachwa nyingi kwenye kopo inajipasha joto yenyewe na kuganda ikitoa moshi. Unyevu nao huacha utando wa mafuta juu ya epoksi iliyokauka. Uoshe kwa maji na sponji kabla ya kupiga msasa, la sivyo rangi itashika utando na si bodi. Ndani paka epoksi pia, hata pembe usizoziona.

PT halisi ilikuwa na injini tatu za Packard na propela tatu. Mbili zinatosha, ya katikati iwe ya pambo. Shafti za milimita 4 za chuma kisichoshika kutu, ndani ya mirija ya shaba ya milimita 8, propela za milimita 35, moja ya kulia na moja ya kushoto. Mota mbili zisizo na brashi za KV 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti) na betri ya seli 3 zinatosha, kila moja na kidhibiti chake cha ampia 40, na fyuzi karibu na betri. Vidhibiti vyote viwili hutoa umeme kwa risiva, kipokezi cha rimoti: chomoa waya mwekundu wa kimojawapo, visipigane.

Kazi ya kunyoosha shafti na mota ndiyo inayoharibika zaidi. Usiunge mota kwa macho na ile jointi inayopinda, kwa sababu jointi inaficha kosa. Tia kwanza kipande cha mrija mgumu kinachobana shafti ya mota na ya propela, uzungushe kwa vidole viwili. Ikizunguka laini bila pahali pa kukwama, funga kitako cha mota kwa skrubu na epoksi, kisha utoe mrija na kuweka jointi. Shafti iliyopinda hutetemeka, hula bushi, na maji hupanda kwenye mrija. Jaza mrija grisi ya baharini kupitia kimrija kidogo kilichosimama juu ya usawa wa maji.

Gundi ya bunduki ya moto usiitumie kushikilia sevo wala kitu chochote kinachovuta. Chini ya sitaha ya kijivu, jua la saa saba huilainisha, na usukani unaacha kujibu boti ikiwa mbali.

Vya juu viwe vyepesi: bomba la nyaya la milimita 25 kwa mirija ya torpido, vijiti vya pamba vya masikio kwa mitutu. Shaba pale juu ni adui. Kitovu cha uzito kikae sentimita 38 hadi 40 kutoka tezi. Ukisawazisha kwenye beseni la maji ya bomba, kumbuka bahari itaiinua kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi. Omoni na tezini funga chupa nne za nusu lita zenye vifuniko vilivyokazwa. Zitashika kilo 2 boti ikijaa maji.

Risiva iingie kwenye kontena ya chakula yenye mfuniko, antena isimame sentimita 10 juu ya maji, kwa sababu mawimbi ya GHz 2.4 hayapiti ndani ya maji. Weka risiva izime mota rimoti ikipotea.

Mkondo kati ya Lamu na Manda haubembelezi mtu. Subiri maji yasimame, ikiwezekana wakati wa maji mafu, na uende asubuhi kabla upepo haujaamka. Wimbi la sentimita 20, kwa boti hii, ni la mita 4.8. Mwani ukijisokota kwenye propela, achia gesi papo hapo, kwani mota iliyokwama huchoma kidhibiti kwa sekunde chache. Awepo mtu na hori karibu.

Na usisahau uko Lamu. Boti ya kijivu yenye mizinga na antena, inayoendeshwa na mtu aliyejibanza kwenye mikoko, haimchekeshi askari wa doria. Kaa mbali na kambi ya wanamaji ya Ghuba ya Manda, simama mahali pa wazi, na waambie wavuvi wa pale kabla hujaishusha.

Ukirudi, toa betri, mwaga maji yasiyo na chumvi ndani na nje, zungusha mota kidogo, tia tone la mafuta kwenye beringi zake, na uiache kivulini bila mfuniko hadi kesho yake.