Kadi ya Nvidia na Intel katika mashine moja: kweli hazipatani?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nahariri video za harusi hapa Kisauni. Mashine yangu ni ya mtumba, ina grafiki za Intel, na natumia mfumo wa Ubuntu 22.04. Majuzi nimenunua kadi ya Nvidia GT 730 mjini, nikaweka na dreva mpya (programu inayoiendesha), toleo la 535. Sasa nikiwasha naona nembo, kisha skrini inakuwa nyeusi tii. Nikiichomoa kadi, mashine inafanya kazi vizuri. Jamaa mmoja ameniambia Intel na Nvidia hazipatani, niuze mojawapo. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam. Usiuze chochote kwanza. Na hiyo ya Intel imo ndani ya prosesa, sijui ungeing'oa vipi.

Intel na Nvidia hukaa pamoja bila taabu katika laptopu nyingi tu. Kila moja ina anwani yake na dreva wake ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), na ya Intel huendeshwa na i915. Ugomvi uko kwenye kadi ya Nvidia peke yake, kwa kuwa ina madreva wawili wanaoitaka: nouveau, anayekuja na kerneli, na nvidia, wa kampuni yenyewe. Kifaa ni kama tuktuk, kiti cha dreva ni kimoja. Ndiyo maana ukiweka dreva wa Nvidia, Ubuntu humpiga marufuku nouveau asipakiwe.

Kwako nashuku nouveau amefukuzwa, halafu nvidia 535 akaikataa kadi kwa uzee wake. Imebaki haina mwenyewe, na waya wa skrini umechomekwa hapo hapo. Isitoshe, mashine nyingi za mezani huzima grafiki za Intel zikiona kadi imechomekwa, kwa hiyo huna pa kukimbilia.

Tuhakikishe. Washa mashine huku umeshikilia Shift, au gonga Esc ikiwa inatumia UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine), hadi uone menyu ya GRUB, programu inayoiamsha Ubuntu. Bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset 3, kisha Ctrl+X. Utaingia kwenye skrini ya maandishi matupu. Andika:

lspci -nnk | grep -A3 VGA
sudo dmesg | grep -iE "nvrm|nouveau"

Amri ya kwanza itaonyesha kadi zako: 8086 ni Intel, 10de ni Nvidia. Kama Intel haionekani kabisa, imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine). Chini ya Nvidia tafuta mstari wa "Kernel driver in use". Usipokuwepo, kadi haina dreva. Katika amri ya pili, ukiona NVRM ikitaja "470.xx Legacy drivers", kesi imekwisha: 535 ameikataa kadi.

Sasa tazama jina la chipu kwenye majibu ya amri ya kwanza, maana hapa wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. GT 730 ziko za aina mbili chini ya jina moja. GK208 ni kizazi cha Kepler na dreva wake ni 470. GF108 ni Fermi, kizazi cha nyuma zaidi, na dreva wake 390 Nvidia waliacha kumhudumia mwishoni mwa 2022. Boksi la dukani halikwambii.

Ikiwa ni GK208, unganisha intaneti (simu kwa waya wa USB inatosha), kisha:

sudo apt purge "^nvidia-.*" "^libnvidia-.*"
sudo apt install nvidia-driver-470
sudo update-initramfs -u

Mstari wa mwisho usiuruke. Marufuku ya nouveau hunakiliwa pia kwenye faili ndogo ambayo kerneli huisoma mapema kabisa inapoamka, na nakala ya zamani ikibaki utazunguka palepale.

Ikiwa ni GF108, fanya mstari wa kwanza na wa tatu tu, nouveau arudi kazini. Skrini itawaka, lakini usitarajie makubwa kwenye kuhariri. Mimi ningeirudisha dukani.

Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi mashine inapowaka, nayo huleta balaa. Ikiwa imewashwa (mokutil --sb-state itakwambia), Ubuntu itakuomba nywila wakati wa kuweka dreva, na ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu. Chagua Enroll MOK, uweke nywila ile ile. Ukipitiliza, kerneli itamkataa dreva huyo hata akiwa sahihi.

Yote yakiwa sawa na bado giza, chomoa kadi usafishe meno yake kwa spiriti safi; hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma na shaba. Kisha ingia BIOS uwashe tena grafiki za Intel, upeleke waya wa skrini upande huo. Kadi zote mbili zitaonekana kwenye lspci, na kama prosesa yako ni ya 2011 au baadaye, huenda ina Quick Sync, sehemu ya Intel ya kusindika video haraka. Ijaribu hiyo kwenye kutoa video zako kabla hujaongeza hela kwa kadi nyingine.