Mbwa kavimba chini ya jicho? Anza kuangalia jino

Mkuu uliyeuliza kuhusu mbwa wako, kwa ulivyoeleza, uvimbe uko upande mmoja chini ya jicho, ukapasuka wenyewe ukatoa usaha, ukakauka, ukadhani yameisha, afu sasa umerudi palepale, mi nasema achana na hiyo dawa ya macho, hapo kuna jino bovu. Wangu alikuwa hivyohivyo. Koko tu wa kulinda geti, anaitwa Simba kama nusu ya mbwa wa nchi hii, na kwenye duka la dawa za mifugo nikapewa tyubu ya macho bila hata mtu kuuliza anakulaje, nimepaka mpaka imeisha na uvimbe unanitazama.

Iko hivi. Mbwa ana gego kubwa la juu, lile la pembeni analokatia nyama, moja kila upande. Lina mizizi mitatu na mizizi yenyewe inaishia karibu kabisa na chini ya jicho. Sasa hilo gego likibanduka, na hawa wetu tunaowatupia magoti ya ng'ombe linabanduka sana, bakteria wanapita kwenye ufa wanaingia kwenye kiini cha jino, kiini kinakufa, usaha unajaa kwenye mzizi hauna pa kutokea, mwisho unatoboa mfupa unakuja kutokea shavuni. Ndo hicho kitu unakiona kinavimba kinapasuka kinajifunga kinavimba tena.

Kuangalia usimpanue mdomo, mtu mmoja ashike kichwa wewe inua tu mdomo wa juu kwa pembeni. La Simba lilikuwa limebanduka ubavu wa nje kama kigae, katikati kuna kidoti cheusi, ugaga wa kahawia umepanda mpaka kwenye fizi, na harufu yake sitaki hata kuikumbuka. Upande wa pili jino lilelile lilikuwa safi, maana alikuwa anatafunia huko tu. Ila kama mbwa hajachanjwa kichaa na anatoa udenda mwingi, taya limelegea, hamezi, au tabia imebadilika ghafla, USIPELEKE MKONO MDOMONI kabisa, mfungie ndani na uite daktari wa mifugo, kichaa cha mbwa watu wengi wanakidhania mfupa umekwama kooni.

Kuhusu sindano. Alichomwa penstrep, ile antibayotiki ya sindano ya mifugo, uvimbe ukashuka vizuri, akala, tukafurahi, baadaye ukarudi. Sio kwamba dawa ni feki, ni kwamba kiini kikishakufa damu haifiki humo ndani, kwahiyo dawa inatuliza pembeni tu na chanzo kinabaki kimekaa. Jino lenyewe litoke. Na hilo gego halivutwi kwa koleo na mbwa kashikwa miguu na vijana wanne, akili gani hiyo, anapewa nusukaputi, jino linakatwa vipande ili kila mzizi utoke peke yake, na pakiwepo eksirei ni bora zaidi ili kujua hakuna kipande kimebaki. Uliza mapema kwenye simu kama huyo daktari anafanya meno, maana wengi huku wamezoea ng'ombe na kuku. Walio karibu na Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana hospitali ya wanyama pale, na maswali ya bei malizaneni kabla hujampeleka.

Maumivu: usimpe diklofenaki wala ibuprofen ya nyumbani, zinachimba tumbo na kuharibu figo. Na mwenye paka humu, panado hata nusu kidonge inaweza kumuua, sitanii.

Wewe mdau uliyeuliza hapo juu kuhusu paka dume mwenye jipu kwenye shina la mkia, la kwako ni tofauti kidogo, huyo kang'atwa kwenye ugomvi. Meno ya paka ni membamba, tundu linajifunga haraka na uchafu unabaki chini ya ngozi, siku chache baadaye linaumuka na homa juu. Hilo likifunguliwa na daktari, likaoshwa na akapewa antibayotiki kwa kawaida linapona, ila usiache pajifunge juu wakati chini bado kuna usaha. Mhasi tu, atapunguza kuzurura usiku. Na kama vidonda haviponi mwambie daktari ampime vile virusi vya paka vinavyoshusha kinga, binadamu haviambukizi usiogope.

Simba baada ya kung'olewa alikula ugali laini na mchuzi wa dagaa mpaka fizi ikafunga, na kidonda cha shavuni kikakauka chenyewe bila kupakwa chochote. Mifupa ya goti nimepiga marufuku hapa kwangu. Kipimo nachotumia ni ukucha, kitu nikikibonyeza na ukucha hakiingii hata kidogo basi hicho hakitafunwi na mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, ile inavunjika vichokoo inachoma utumbo. Mkuu inua huo mdomo leo kukiwa na mwanga, afu tupia picha ya jino tuone.